Bastola ya Production: Unanunua Risasi ya Pili

Kiwanda cha Česká zbrojovka cha Uherský Brod, Jamhuri ya Cheki, kilipoitoa CZ Shadow 2 mwaka 2016, mtu wa kwanza kuishika alishangazwa na uzito. Gramu 1,330, bado haijatiwa hata risasi moja. Glock 17 yenye magazini tupu ina takriban gramu 700. Watengenezaji wa silaha za polisi na jeshi walikuwa wametumia miongo kadhaa wakihangaika kupunguza gramu hizo, na hapa kuna kiwanda kinaziongeza kwa makusudi. Ukitaka kujua sababu, iweke bastola kando kwanza, usome kitabu cha kanuni.

Shirikisho la IPSC, la mashindano ya kimataifa ya upigaji shabaha wa vitendo, lilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza. Ndani yake kuna makundi ya silaha, na Production ndilo kundi la bastola za kawaida, zile zinazotoka kiwandani zikiwa tayari. Darubini na vilengeo vya nukta nyekundu haviruhusiwi. Mdomo uliopanuliwa wa kuingizia magazini hauruhusiwi. Mtutu usizidi milimita 127, magazini isijazwe zaidi ya risasi 15, na bastola yenyewe iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa. Vipuri vya ndani unaweza kubadilisha, ila viwe vya kiwanda hichohicho. Kilengeo cha mbele na cha nyuma unaruhusiwa kununua popote.

Nia ilikuwa kuwazuia matajiri wasiununue ushindi kwa fundi. Kilichotokea ni kwamba fundi alihamia kiwandani. Kama mchezaji haruhusiwi kuichonga bastola yake, basi kiwanda kiichonge kabla hajainunua, kisha kiiombee nafasi kwenye orodha. Ndivyo ilivyozaliwa Shadow 2, na ndivyo zilivyozaliwa Stock II ya Tanfoglio kutoka Gardone Val Trompia, Beretta 92X Performance, na Walther Q5 Match ya fremu ya chuma. Zote zinaitwa bastola za kawaida. Sijui ni mlinzi gani atakayekubali kuifunga kilo moja na theluthi kiunoni kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kanuni iliyoleta chuma hicho chote ni ya alama. Kila mpiga shabaha wa Production huhesabiwa kwa nguvu ndogo, hata akileta risasi inayotetemesha ukuta. Kipimo cha nguvu hupatikana kwa kuzidisha uzito wa risasi kwa greni na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, halafu kugawa kwa 1,000. Kiwango cha chini ni 125. Risasi ya 9mm ya greni 124 inayokwenda futi 1,020 inatoa 126.5, na hiyo inatosha. Kwenye nguvu ndogo, eneo A la shabaha lina pointi 5, C lina 3, na D lina 1. Kwenye makundi yanayoruhusu nguvu kubwa, C hupanda hadi 4 na D hadi 2.

Pointi hugawanywa kwa muda. Chukua steji, yaani zoezi moja la mashindano, ya risasi 24, pointi 120. Aliyeimaliza kwa sekunde 12 bila kutoka nje ya A amepata pointi 10 kwa kila sekunde, kwa hiyo kwake pointi moja ni sawa na sehemu ya kumi ya sekunde. Risasi moja ikiangukia C imemgharimu sekunde 0.2. Mwenzake wa nguvu kubwa, kwa kosa lilelile, amepoteza 0.1 tu. Mchezaji wa Production anaadhibiwa mara mbili kwa sentimita zilezile chache. Na kila shabaha ya karatasi kwa kawaida inataka risasi mbili, ya pili ikifuata ya kwanza kwa robo ya sekunde au chini ya hapo. Bastola inayokurudishia kilengeo cha mbele mahali pake ndani ya robo hiyo ndiyo inayokusanya A. Hicho ndicho unachokilipia. Usahihi wa mtutu si hoja kubwa. Karibu kila bastola ya kisasa ya 9mm inalenga vizuri kuliko mkono ulioishika.

Uzito unasaidia kwa njia iliyo wazi: risasi ileile inapoisukuma nyuma bastola nzito, bastola inasogea kidogo zaidi. Lakini si uzito peke yake. Kwenye bastola nyingi, slaidi inaikumbatia fremu kwa nje. Kwenye CZ 75 na uzao wake, ukiwemo Shadow 2, ni kinyume: slaidi inateleza ndani ya reli za fremu, kama ilivyokuwa kwenye SIG P210 ya Uswisi. Mpangilio huo unaiweka slaidi chini zaidi, karibu na kiganja, na mdomo hauruki sana. Hasara yake utaiona siku ya mvua. Sehemu ya slaidi inayobaki nje ni nyembamba, na mwenye vidole vilivyolowa atahangaika kuivuta.

Uzito una deni lake pia. Chuma kizito kinachelewa kuanza kusogea na kinachelewa kusimama. Kwenye shabaha zilizotawanyika mbalimbali, mikono isiyo na nguvu itaipitisha bastola nje ya shabaha kisha irudi kuitafuta.

Deni kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwenye risasi ya kwanza. Shadow 2 na jamaa zake wa nyundo huanza mchezo nyundo ikiwa chini. Kifyatulio cha risasi ya kwanza kinafanya kazi mbili, kinaiinua nyundo na kuiachia, kwa hiyo mvuto ni mrefu na mzito. Kuanzia ya pili, slaidi imeshaiinua nyundo yenyewe, na mvuto unakuwa mfupi na mwepesi. Kanuni inadai mvuto wa risasi ya kwanza usipungue kilo 2.27. Kwa zinazofuata, haidai kitu.

Tazama mchezaji anavyojiandaa baada ya mwamuzi kumruhusu. Anaingiza magazini, anavuta slaidi, risasi inaingia chemba, nyundo iko juu. Sasa Shadow 2 haina kitufe cha kuishusha. Anaishika nyundo kwa kidole gumba, mdomo ukielekea shabaha, anabonyeza kifyatulio, anaisindikiza taratibu hadi chini kabisa. Gumba likiteleza, risasi inatoka, na mashindano yake yameishia hapo kabla kipima muda hakijalia. Kisha kipima muda kinalia, mkono unachomoa bastola kwenye ala, na kidole kinaanza ule mvuto mrefu wakati mikono bado inanyooka. Anayesubiri mikono inyooke kwanza ndipo avute amechelewa. Anayevuta kwa pupa anaiyumbisha bastola na kuangukia D: pointi 4 zimekwenda, sekunde 0.4 kwa hesabu yetu ya juu. Maumivu haya huja mara moja tu kwa steji. Kwenye steji ndefu ya risasi 32 yanafidiwa na risasi 31 nyepesi. Kwenye fupi ya risasi 8 au 10 yanaonekana wazi.

Kanuni imewaachia wengine njia ya pembeni: kilo 1.36 kwa kila risasi, ya kwanza hadi ya mwisho. Hiyo ndiyo nyumba ya Glock na bastola nyingine zisizo na nyundo ya nje. Mvuto mmoja usiobadilika, hakuna nyundo ya kusindikiza, na bei ya Glock 17 ni karibu nusu ya Shadow 2. Robert Vogel wa Marekani alitwaa ubingwa wa dunia wa Production kwa Glock huko Rhodes, Ugiriki, mwaka 2011, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai haiwezekani. Tahadhari moja tu: usinunue Glock 34 ukidhani urefu wake ni faida. Mtutu wake unazidi milimita 127, na kwa Production ya IPSC hauingii.

Magazini ya kubeba 17 au 19 nayo isikusisimue, kikomo kinabaki 15. Kwa kilengeo cha mbele, chagua chembamba chenye uzi wa plastiki unaong'aa, umalize.

Kwangu mimi, mwenye mikono yenye nguvu na subira ya kufanya mazoezi makavu, bila risasi, ya ule mvuto mrefu achukue Shadow 2. Asiye na muda huo achukue bastola ya mvuto mmoja.

Atakayechukua ya nyundo atashawishika haraka kubadilisha springi ya nyundo, aweke laini ili mvuto wa kwanza ukaribie ile kilo 2.27. Wakubwa hufanya hivyo. Lakini springi laini inapiga kwa nguvu kidogo, na vibiriti vya risasi, vile vinavyopigwa ili kuwasha baruti, havilingani ugumu: vya Federal vinajulikana kwa ulaini, vya CCI kwa ugumu. Anayejijazia risasi mwenyewe huchagua kibiriti kinachoiridhisha springi yake. Anayetegemea risasi za dukani, leo chapa hii kesho ile, aiache springi ya kiwandani mahali pake, maana kibiriti kikigoma katikati ya steji itabidi aitupe risasi hiyo na kuvuta nyingine huku kipima muda kinakimbia, na gharama yake inazidi ile ya D.