Kongole, Walimu wa Awali wa Dodoma

Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa angalau mwaka mmoja. Walioipa uhai ni walimu wa Kongwa, Bahi na Chamwino, nami nawapa kongole. Kalamu baadaye. Kwanza mtoto anaandika herufi ya jina lake, tuseme M, kwa kidole mchangani, anaifinyanga kwa udongo, kisha anaipanga kwa vizibo vya soda au punje za mtama (kuku wakifukuzwa kwanza). Watoto wengi nyumbani husema Kigogo, si Kiswahili cha darasani, kwa hiyo jina la mtoto ndilo neno analolimiliki tayari. Mazengo mdogo ataijua z kabla ya b, sioni ubaya. Na kizibo kikikosewa husogezwa tu, hakuna karatasi ya kufutwa mpaka itoboke.