Anatafutwa Mwenzi wa Kalamu: Tahakiki ya Daftari Moja la Juba

Muhula uliopita, katika ubao wa matangazo wa darasa la jioni ninalofundisha hapa Juba, palibandikwa karatasi moja iliyochanwa katika daftari la hesabu. Aliyeiandika ni binti mmoja miongoni mwa wanafunzi wangu, naye alikuwa akitafuta mwenzi wa kuandika naye hadithi. Masharti yake yalikuwa manne. Mwenzi huyo awe tayari kuandika ukurasa mzima kila zamu yake ifikapo. Asikae na daftari zaidi ya siku tatu. Awe anapenda habari za wale mijusi wakubwa wa kale waitwao dinosauri, kwa kuwa hadithi itahusu dunia iliyokwisha kuangamia, ambamo mijusi hao wamerudi, na uchawi umerudi pamoja nao. Na sharti la nne, lililopigiwa mistari miwili: asimwue mhusika wa mwenzake bila idhini.

Wenzake walilicheka tangazo hilo wiki nzima, wengine wakidai kwamba ni njia ya kutafutia mchumba. Nami nakiri kwamba nililipuuza. Leo daftari lililotokana na tangazo hilo limefika kurasa 140, na nimelisoma mara mbili. Naona linastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki diwani na riwaya, na kwa ukali uleule. Hapa Juba vitabu vya fasihi ya Kiswahili ni haba, na yamkini fasihi ya Kiswahili ya mji huu, kama itakuwapo, itaanzia katika madaftari ya namna hii.

Yafaa kwanza kueleza mchezo wenyewe. Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wao uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akachukua nafsi ya mhusika wake, na kisa kikazaliwa katika mazungumzo yao. Baadaye wengi waliucheza mchezo wa aina hiyo kwa maandishi. Mmoja huandika aliyoyatenda mhusika wake, kisha huacha mlango wazi; mwenzake huingia kwa mlango huo na kuandika ya mhusika wa kwake. Hapana hata mmoja wao ajuaye mwisho wa hadithi.

Mwalimu yeyote wa ushairi wetu ataona kwamba jambo hili si geni kama linavyojidai. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hawezi kusomwa akafahamika bila kuwafikiria wale aliokuwa akijibizana nao; na katika ugomvi wa Mombasa na Lamu, Zahidi Mngumi alikuwa akituma beti kama wengine watumavyo majeshi. Katika karne iliyofuata, gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwakutanisha malenga wasiopata kuonana uso kwa uso. Mathias Mnyampala naye akaisimamisha ngonjera jukwaani, na kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kikatoka mwaka 1970. Katika jadi hiyo malenga hakuhitaji mtu wa kumpendeza. Alihitaji mtu atakayelishika neno lake kama lilivyo, asilikwepe wala asilipindue, kisha alijibu ndani ya bahari ileile aliyoikuta. Sharti la nne la binti huyu ni kanuni hiyohiyo, ila imehamia katika nathari. Tofauti iliyopo si ndogo hata hivyo: Muyaka alitaka kushinda, ilhali binti huyu alitaka hadithi iendelee.

Aliyejitokeza kwanza alikuwa kijana hodari wa lugha, pengine kuliko wote darasani. Zamu zake tatu zimo katika daftari, nazo ni kurasa dhaifu kupita zote. Mhusika wake ana upanga usioshindwa, hapati jeraha, na kila mnyama atokeaye hufa katika aya ileile aliyotokea. Sentensi ni safi, upatanisho wa kisarufi hauna doa. Lakini alimaliza mwenyewe kila alichokianzisha, mwenzake asipate pa kushika. Katika zamu ya tatu alimwoza mhusika wake kwa mhusika wa binti bila kumwuliza mwenyewe. Tangazo halikuwa limetaja ndoa, alijitetea, lilitaja kuua tu. Daftari likachukuliwa kutoka kwake siku hiyohiyo.

Wa pili hakuna aliyemtazamia. Ni mzaliwa wa Yei aliyekulia ukimbizini upande wa Aru, nchini Kongo, na Kiswahili chake ni cha huko: watu kwake ni batu, kikubwa ni kikubwa lakini mkubwa ni mukubwa, na mnyama ni nyama. Binti alilelewa katika kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, na lugha yake imejaa vijineno vya vijana wa Nairobi. Lugha zao za nyumbani ni mbalimbali, na wakikutana sokoni Konyo Konyo huelewana kwa Kiarabu cha Juba. Tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, sisi walimu tumekisifu Kiswahili kwa biashara na ajira, nayo ni kweli. Daftari hili linaonyesha faida nyingine ambayo sikuwahi kuitaja darasani. Lau wangeandika kwa Kiingereza, aliyepata shule bora zaidi angekuwa bwana wa hadithi, na mwenzake angekuwa karani wake. Katika Kiswahili cha Juba wote wawili ni wageni, na mgeni hana haki ya kumwambia mgeni mwenzake kwamba ameketi mahali pasipo pake.

Sasa nije kwa mijusi wenyewe, ambao ndio sehemu iliyonifurahisha zaidi. Kurasa za mwanzo wanyama hawa ni wa filamu: wana meno, wananguruma, wanakimbiza watu. Binti huwaita majusi, kwa umbo la ukubwa, na kuwapatanisha ipasavyo: jusi lile lilivunja daraja, majusi yale yalikuja usiku. (Mmoja wa wanafunzi wangu Waislamu alicheka sana, kwani kwake majusi ni waabudu moto.) Kuanzia ukurasa wa 40 hivi, lakini, mnyama mmoja mwenye shingo ndefu, mla majani, anakuja kukaa karibu na kisiwa cha manusura, na polepole sarufi inabadilika. Jusi lile linakuwa mjusi yule. Anapokuwa mbali au anapotisha hurudi kuwa jusi. Akilisha ndani ya mafunjo, watoto wakivushwa maji juu ya mgongo wake, huwa mjusi, naye hupewa a- na wa- kama mtu. Niliwauliza kama wamelipanga jambo hilo. Hawakujua ninasema nini. Nimefundisha ngeli kwa miaka mingi, na sikumbuki mfano ulioonyesha waziwazi namna hii kwamba ukubwa na uhai katika lugha yetu ni hukumu ya msemaji juu ya kitu anachokitaja.

Nilipoona hivyo niliwasimulia habari za Tendaguru, katika Mkoa wa Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walifukua huko mifupa ya dinosauri walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi, kwa vichwa na mabega, hadi bandari ya Lindi, zikapelekwa Berlin. Na mjusi mmoja kati yao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika jumba la makumbusho la huko tangu 1937. Watanzania humwita mjusi tu, na bungeni kwao amezungumzwa zaidi ya mara moja. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilingoja hadi 2007 ndipo dinosauri mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Wataalamu wa siku hizi wamekwenda mbele zaidi: mwaka 2017 mnyama aliyepatikana kusini-magharibi ya Tanzania aliitwa Shingopana, na mwaka 2019 mwingine akapewa jina la Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa mto Mtuka alikofukuliwa na kwa pingili ya mkia wake yenye umbo la moyo. Kijana wa Yei aliyaandika majina hayo kiganjani. Zamu iliyofuata, mjusi wa kisiwani alikuwa na jina: Shingopana. Ni jina lililokaa mahali pake, wala halikuhitaji kutafsiriwa kwa yeyote.

Juu ya dunia iliyoangamia nina mengi ya kusema, na si yote ya sifa. Mwanzoni maangamizi yao ni mabomu na moshi, mambo ya kuazima. Baadaye, bila kueleza, wanayaacha mabomu na kuleta maji. Mji umezingirwa na maji pande zote. Manusura wanajenga kingo za udongo na kuzikesha usiku kucha. Hapo ndipo hadithi inapata mwili, maana mmoja wao ana jamaa huko Bentiu, mji uliozingirwa na mafuriko kuanzia mwaka 2021 na kulindwa kwa kingo za namna hiyohiyo. Euphrase Kezilahabi, katika Mzingile (1991), alimtembeza msimulizi wake katika dunia iliyokwisha teketea. Riwaya ile ni ya nafsi moja inayojiuliza, na ndipo ulipo uzito wake, na ndipo wanafunzi wengi wanapoipotezea njia. Katika daftari hili hapana nafsi inayoweza kujiuliza kwa muda mrefu, kwani baada ya ukurasa mmoja mtu mwingine ataingia na kusema kwamba maji yamepanda.

Katika ukurasa wa 63 kijana aliandika usiku ambao watu wenye silaha wanakuja kisiwani kwa mitumbwi na kuchoma nyumba. Hakumwua mhusika wa mwenzake. Masharti yote manne yalitimizwa. Binti alilichukua daftari akakaa nalo siku kumi na tisa. Mtu aliyekuwapo Juba Desemba 2013, au Julai 2016, hana haja ya kuuliza kwa nini, nami sikuuliza. Aliporudisha zamu yake ilikuwa nusu ya ukurasa: mhusika wake amejificha chini ya tumbo la Shingopana, anahesabu pumzi za mnyama hadi alfajiri, na kila anapofika mia anaanza upya. Hakuna zaidi ya hayo. Ni nusu ukurasa bora kupita yote niliyoyasoma kwa wanafunzi wangu. Nalo jibu la kijana lilistahili hiyo nusu ukurasa, kwa sababu hakuwarudisha wenye silaha, wala hakuwalipizia kisasi kama ambavyo yule wa kwanza angefanya. Mhusika wake anakuja asubuhi na kuanza kuokota miti ambayo haikuungua, kisha anamwomba yule mwanamke amsaidie kuihesabu, kwa vile amekwisha kujizoeza.

Wapo walimu watakaosema kwamba haifai vijana walioona vita kucheza na vita. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini naona hatari haikuwa katika mchezo. Ilikuwa katika uwezekano wa kupata mwenzi asiyejua kunyamaza. Sharti hilo haliandikiki katika tangazo.

Kuna ila ambazo sina budi kuzitaja. Uchawi umetumiwa ovyo: kila hadithi inapokwama, hutokea mganga mwenye mzizi. Wahusika wa pembeni hawana majina, nao hufa kwa wingi, kwani sharti la nne linawalinda wawili tu. Na kati ya ukurasa wa 90 na wa 105 hapana kinachotokea ila safari.

Ila kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya mwalimu. Kwa nia njema nililichukua daftari lilipofika ukurasa wa 112, nikazisahihisha zamu za kijana kwa wino mwekundu. Kila batu nilikifanya watu, kila mukubwa nikamfanya mkubwa. Zamu yake iliyofuata ilikuwa mistari minne, sahihi kabisa, na ya baadaye mistari mitatu. Binti alikuja kwangu baada ya kipindi. Kwa adabu, akiniita ustaz kama wanavyotuita hapa, aliniambia kwamba mwenzi wake sasa ananiandikia mimi, haandiki tena kwa ajili yake. Sikuwa na jibu. Mtihani utadai watu, si batu, na kazi yangu ni kumwandaa kwa mtihani. Lakini zamu inadai kitu kingine, na wino wangu uliingia katikati ya mazungumzo ambayo sikualikwa. Iliwachukua mwezi mzima kurudia mwendo wao wa zamani.

Majuzi karatasi mpya imebandikwa ubaoni, maana sasa wanatafuta mtu wa tatu. Masharti manne yamebaki, na la tano limeongezwa kwa mwandiko wa kijana wa Yei: atakayetaka kusahihisha lugha, kwanza aandike zamu yake. Nililisoma mara mbili, kisha nikaomba daftari. Nimekaa nalo siku mbili. Nimemleta mzee mmoja mwenye mtumbwi unaovuja, naye amefika hadi kwenye mafunjo, anamwona Shingopana kwa mbali, na sijaamua bado kama nimwandike li- au a-. Kesho ni siku ya tatu.