Aleluya Kuu na Mwezi wa Remba

Mwalimu wa kwaya anayepanga nyimbo za sikukuu katika kisiwa kama Remba hufuata kalenda mbili: ya kanisa na ya mwezi. Remba, jirani ya Ringiti katika Ziwa Viktoria upande wa Homa Bay, ni kisiwa cha uvuvi wa omena na mbuta. Wajaluo, Waganda, Watanzania na Wasomali wamebanana humo kwenye nyumba za mabati, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa hazifui dafu ziwani, mitumbwi hulala ufuoni, na wanaume wa sauti ya tatu na ya nne hupatikana kwa mazoezi. Giza likirudi, kwaya hubaki na kina mama na watoto.

Sasa tazama Pasaka. Kanisa huiweka Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi, kwa hiyo mwezi hupevuka ndani ya Juma Kuu au karibu nalo. Mwaka 2023 ulipevuka Alhamisi Kuu yenyewe. Krismasi haina mpango huo: ya 2023 ilikuwa na mwezi mkubwa, ya 2024 iliangukia mwezi unapoishia. Mwalimu asiyelitazama hili hujikuta ameandaa wimbo wa sauti nne kwa kwaya ya sauti mbili.

Wimbo ambao kwaya nyingi za Afrika Mashariki huutamani kwa sikukuu ni ule wa Handel, ambao wengi huuita Aleluya Kuu. Huimbwa Krismasi na huimbwa Pasaka. Ukifuata kazi yenyewe, mahali pake ni pamoja tu. Oratorio ya Messiah, unamotoka wimbo huo, ilisikika mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, Jumanne ya Juma Kuu kwa kalenda iliyotumika huko. Ina sehemu tatu. Kuzaliwa kwa Yesu kumo katika ya kwanza, na Aleluya inafunga ya pili, baada ya mateso na ufufuko. Kuihamishia Krismasi ni mazoea yaliyokuja baadaye.

Handel aliipaje uzito? Kwa kubania. Tarumbeta zinasikika kidogo katika sehemu ya kwanza, malaika wanapowatokea wachungaji, na hata hapo aliagiza zipigwe kwa mbali, pole. Ngoma za timpani haziguswi kabisa mpaka Aleluya. Msikilizaji amekaa muda mrefu bila ngoma hata moja, kisha zinaingia pamoja na tarumbeta. Liturujia ya Kikatoliki ina ujanja uleule: Kwaresima yote neno aleluya halitamkwi, hadi Mkesha wa Pasaka. Kwaya inayouimba wimbo huu kila harusi na kila mahafali inautumia mtaji ambao kalenda ilikuwa ikiuweka akiba.

Bach aliishi na kalenda ngumu zaidi. Leipzig, Jumapili nyingi za Majilio na Kwaresima hazikuwa na kantata, na Mateso aliyoyatunga kwa Ijumaa Kuu, ya Yohane (1724) na ya Mathayo (1727), hayana tarumbeta wala ngoma. Oratorio yake ya Krismasi aliigawa katika vipande sita, vikaimbwa siku sita kuanzia 25 Desemba 1734 hadi 6 Januari 1735. Lakini muziki mwingi humo si wa Krismasi kwa asili. Kiitikio cha kwanza alikwisha kukitumia mwaka uliotangulia, katika siku ya kuzaliwa ya mke wa mtawala wa Saksonia. Maneno ya awali yaliziamuru ngoma zilie, ndiyo maana kipande kinaanza kwa ngoma tupu. Halafu korali ya kwanza ya oratorio hiyo ina sauti ileile tuliyoizoea Ijumaa Kuu, ambayo mtunzi Hassler aliitunga kabla ya hapo kama wimbo wa mapenzi, ikachapishwa 1601. Kinachoifanya iwe ya Noeli au ya msalaba ni maneno, mwendo na vyombo.

Turudi kisiwani. Tarumbeta hazipo, kuna kinanda cha umeme na nota za solfa. Kwanza, zima mdundo wa kinanda. Karibu na mwisho wa Aleluya Kuu pana kimya, waimbaji wote na vyombo vyote, kabla ya aleluya ya mwisho iliyo polepole. Ngoma ya mashine haijui kunyamaza. Ikiendelea kupiga hapo, wimbo umekufa. Pili, mnaweza kuushusha kwa nusu sauti bila dhambi yoyote, maana wanaopiga muziki wa enzi hiyo kwa vyombo vya kale hufanya hivyo leo, na sauti ya kwanza itawashukuru pale inapopanda ngazi kwa ngazi huku wenzao wakiitikia chini.

Na Krismasi ya giza, wanaume wakiwa majini? Handel mwenyewe anatoa jibu: ule muziki mfupi wa wachungaji katika Messiah, usio na maneno, aliouiga kwa wapiga zumari waliokuwa wakishuka mijini Italia wakati wa Noeli. Corelli alifanya hivyohivyo katika konseti yake ya usiku wa Krismasi, iliyochapishwa 1714. Mapigo ni ya tatutatu yanayobembea, sauti ya chini imeshikiliwa bila kubadilika. Vidole viwili kwenye kinanda vinatosha kwa hiyo ya chini, na kina mama wanaweza kuvumisha ya juu. Mwenye orutu, fidla ya Wajaluo, akiwepo apewe nafasi, nadhani angewashinda wapiga fidla wengi.

Pasaka ikiangukia Aprili kuna kikwazo kingine, maana ndio mwezi ambao Kenya huanza kufunga uvuvi wa omena hadi Julai, na baadhi ya wavuvi huondoka. Basi mazoezi ya Aleluya Kuu yaanze kwenye mbalamwezi ya mwezi uliotangulia, wangali wapo. Na ifikapo Desemba, iacheni kabatini.