Wito wa Mwuzaji katika Usiku wa Sikukuu

Wahakiki wa fasihi simulizi wamefanya kazi njema ya kukusanya nyimbo za ngoma, maghani na methali. Katika sikukuu wameisikiliza ngoma, wakayaandika mashairi, wakaeleza mavazi na dua. Ila watu wanaokesha nyuma ya meza za vyakula, ambao bila taa na majiko yao usiku wa sikukuu ungekuwa giza na njaa, hawakuhesabiwa miongoni mwa watunzi. Nathubutu kusema kuwa wito wao ni utungo wenye kanuni zake, nao wastahili kuhakikiwa kama utungo mwingine wowote.

Tazama Chapwa, kata ya mji wa Tunduma mkoani Songwe. Mji huu umekaa mpakani, na Nakonde ya Zambia i ng'ambo tu. Usiku wa Idi au wa mkesha wa Mwaka Mpya, mwenye jiko la mishikaki, mwenye chipsi na mwenye karanga huzungukwa na watu wa lugha mbalimbali: Kinyamwanga, ambacho husemwa pande zote mbili za mpaka, Kinyiha, Kibemba, na Kiswahili kinachowakutanisha wote. Mwuzaji hana nafasi ya kusita. Hutazama uso, mavazi na mwendo, kisha huchagua lugha. Na baada ya lugha huchagua cheo: huyu mama, yule mjomba, mwingine shemeji. Cheo kikikosewa, mteja hupita. Mshairi aweza kungoja miaka mingi asifiwe au alaumiwe. Mwuzaji huhukumiwa papo hapo.

Jambo hili si geni katika historia ya sanaa yetu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, alikuwa mchuuzi wa vyungu kabla ya kuwa mwimbaji wa taarabu. Alivitembeza akivinadi kwa kuimba. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Wanaomsifu huutaja uchuuzi ule kama umaskini aliouacha nyuma. Mimi nauona kuwa ndio uliokuwa chuo chake. Njiani mtu hujifunza kuitawala pumzi, kutamka neno likasikika mbali, na kutambua ni sauti gani imfanyayo mpita njia asimame.

Huko Ujapani, ambako vibanda vya usiku na taa za karatasi ni sehemu ya sikukuu za mahekalu, tunaye mwandishi aliyejua maisha ya upande wa pili wa meza. Higuchi Ichiyō aliendesha duka dogo la peremende na vikorokoro karibu na Yoshiwara, Tokyo, katika miaka ya 1893 na 1894. Hadithi yake Takekurabe, iliyotoka mwaka 1895 na 1896, hutuonyesha mapema jamaa maskini wakitengeneza mapambo ya reki za bahati zitakazouzwa katika sikukuu ya Novemba. Sikukuu yenyewe huja baadaye sana. Msomaji aifikapo, amekwisha kujua ni mikono ya nani iliyoitengeneza furaha ile.

Pengine msomaji atasema kuwa wito wa biashara hauna ila tamaa ya fedha. Lakini hata watunzi wa mashairi ya sifa walitaraji tuzo, nasi hatukuyatupa mashairi yao. Hoja yenye uzito ni nyingine. Siku hizi wito hurekodiwa mara moja, ukarudiwa na kipaza sauti usiku kucha. Kwa mama aliyechoka, mwenye jiko mbele na mtoto mgongoni, chombo hicho ni msaada, wala hastahili lawama. Lakini utungo umepungukiwa: haumjui mjomba wala shemeji, haujibu mzaha kwa mzaha, na huita hata njia ikiwa tupu.

Kwa hiyo mwanafunzi aendaye sikukuuni na achukue daftari. Aandike wito pamoja na jibu la mteja, lugha zilizotumika, vyeo vilivyotajwa, na mahali ambapo ubishi wa bei uligeuka kicheko. Afanye hivyo mapema, maana vipaza sauti vinaenea, na kilichohifadhiwa ndani yake ni nusu ya mazungumzo tu.