Pikipiki Isipowaka, Pima Kabla ya Kununua

Pikipiki isiyowaka humtia dereva wa bodaboda hasara mara mbili: siku inapita bila abiria, na mara nyingi anaishia kununua kifaa ambacho cha zamani hakikuwa kibovu. Hasara hii ya pili inaepukika. Nachambua hapa kisa cha pikipiki moja ya sisi 125, yenye kabureta, ambayo jioni ilioshwa kwa mashine ya maji na asubuhi ikagoma kuwaka. Mwenyewe alipiga kiki mpaka mguu ukamuuma, akabadilisha plagi, wapi. Alipoikokota hadi gereji alikuwa ameshashauriwa kijiweni anunue kabureta.

Fundi hakuigusa kabureta. Injini ya petroli huwaka ikipata vitu vitatu: mchanganyiko wa hewa na mafuta, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na moto wa plagi unaokuja kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana, utapiga kiki mpaka jioni. Kazi ya kwanza basi ni kujua kipi kimekosekana.

Alianza na vile vinavyokaguliwa kwa macho. Mafuta yalikuwemo kwenye tangi, koki ilikuwa wazi, swichi ya kuzimia injini ilikuwa mahali pake. Wengi huidharau hatua hii, ilhali swichi ile husogezwa kirahisi na kitambaa cha anayefuta pikipiki.

Kisha akapiga kiki kadhaa, akafungua plagi papo hapo na kuitazama. Ilikuwa imelowa na inanuka petroli. Maana yake mafuta yanafika kwenye silinda, na kile kifaa ambacho mwenye pikipiki alikuwa tayari kukilipia hakikuwa kimeziba. Plagi ingekuwa kavu, fundi angelegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta aone kama petroli inatoka. Isipotoka, tatizo liko kwenye koki, mpira wa mafuta au sindano ya floti. Ikitoka, jeti ndogo ndiyo ya kutazamwa: tundu lake halifiki nusu milimita, na huzibwa na utando unaobaki petroli inapokauka kwenye pikipiki iliyokaa muda mrefu.

Hatua ya tatu ilikuwa mgandamizo. Alizima ufunguo, akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, msaidizi akapiga kiki. Hewa ilikisukuma kidole kwa nguvu. Kipimo hiki hakitoi namba, lakini kinatosha kuonyesha kama kuna ubovu mkubwa. Hewa ingekuwa dhaifu, angedondoshea oili kidogo kwenye silinda na kurudia: mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimekwisha, usipopanda, angekagua valvu na gasketi ya silinda hedi.

Ukabaki moto. Alisubiri mvuke wa petroli uishe, akaichomeka plagi kavu kwenye kofia yake, akaigusisha na chuma cha injini mbali na tundu, kisha kiki ikapigwa. Hakuna cheche. Alijaribu plagi nyingine nzima, hali ikawa ileile. Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa sababu fundi mwenye haraka atasema sidiai (CDI), kile kisanduku kinachoamuru moto wa plagi, imekufa, na ikishindikana atasema koili.

Huyu aliigawa njia ya umeme. Alifungua kofia ya plagi kutoka kwenye waya, maana kofia nyingi hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, akaushika waya kwa koleo lenye mpira na kuuweka karibu milimita 5 kutoka kwenye chuma. Kiki moja, cheche ya buluu ikaruka. Kwa kipimo hicho kimoja alijua kwamba koili, sidiai, swichi ya ufunguo na nyaya zote zinazokuja nyuma yake ni nzima. Kosa liko kwenye kofia. Mita ya umeme ilithibitisha: ndani ya kofia za aina ile kuna kizuizi cha takribani omu 5,000, lakini mita haikusoma chochote. Mpira wake ulikuwa na ufa, na ndani mlijaa maji na kutu. Kutu hiyo haikuzaliwa usiku mmoja. Ilikuwa ikila polepole, na maji ya mashine yakamaliza kazi.

Alikata milimita chache za ncha ya waya mpaka akapata shaba safi, akafunga kofia mpya. Injini ikawaka.

Cheche isingetoka hata kwenye waya mtupu, angerudi nyuma kifaa kimoja kimoja, na betri isingesahauliwa, kwa kuwa zipo pikipiki ambazo sidiai yake hutegemea betri hata ukiwasha kwa kiki. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6, ikishuka chini ya 12, ichajiwe kabla ya kulaumu kifaa kingine.

Tahadhari moja haina mjadala: umeme wa plagi ni maelfu ya volti. Usiushike waya kwa mkono, na usijaribu moto karibu na tundu la plagi au petroli iliyomwagika.

Ubora wa kazi hii uko kwenye mpangilio wake. Kila kipimo kilijibu swali moja na kupunguza mahali pa kutafuta, na kifaa kipya kilinunuliwa baada ya kile cha zamani kuthibitika kuwa kibovu. Zana zilizotumika zipo karibu kila gereji ya mtaani. Kwa hiyo dereva mwenzangu, ukiambiwa ununue kifaa, muulize fundi amekipimaje. Asipokuwa na jibu, usitoe hela yako.