Stenlesi si Dawa ya Bomba la Kiboko

Bomba lililovuja Kiboko, Makueni, mwishoni mwa Machi 2019 halikuwa kuukuu. Ni lile jipya la KPC, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Kenya: inchi 20, kilomita 450 kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililojengwa kuchukua nafasi ya bomba la inchi 14 la mwaka 1978. Hilo la zamani nalo lilikuwa limemwaga mafuta Thange, huko huko Makueni, mwaka 2015. Mkulima wa pale ana haki ya kuuliza: mbona wasizike stenlesi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, mambo yakaisha?

Bei ni jibu la haraka. Jibu la fundi ni zito zaidi: stenlesi haiondoi hatari, huigeuza sura tu.

Nguvu ya chuma hiki ni kromiamu, kuanzia takriban asilimia 10.5, ambayo hushikana na oksijeni na kufanya utando mwembamba mno unaojirudisha ukikwaruzwa. Adui wa utando huo ni kloraidi, iliyomo katika chumvi. Hutoboa mahali padogo. Na chuma kikiwa kinavutwa, kwa shinikizo la ndani au mvuto uliosalia baada ya kuchomelewa, kitundu huzaa ufa. Ufa hutambaa na kutoa matawi huku chuma kikingali kinang'aa. Stenlesi ya masinki, yenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, ni miongoni mwa zilizo dhaifu zaidi kwa ugonjwa huu, hasa joto likipita nyuzi 60.

Katika visima vya mafuta na gesi mambo ni makali zaidi. Chini kuna joto, maji ya chumvi, kaboni dioksaidi na pengine salfaidi ya hidrojeni, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo husaidia atomi za hidrojeni kupenya ndani ya chuma. Kadiri chuma kilivyo kigumu ndivyo kinavyopasuka kwa wepesi. Ndiyo sababu kanuni ya MR0175, iliyotolewa kwanza 1975, huwekea vyuma vya kawaida kikomo cha ugumu: 22 katika kipimo cha Rockwell C. Kisima chenye kaboni dioksaidi bila salfaidi mara nyingi hupewa bomba la kromiamu asilimia 13. Hali ikizidi, huletwa dupleksi ya asilimia 22, stenlesi ambayo takriban nusu yake ni feraiti na nusu austenaiti, miundo miwili tofauti ya fuwele za chuma. Ufa unaopita katika muundo mmoja mara nyingi hukwama ukifika kwenye mwingine.

Bomba la Kiboko haliishi maisha hayo. Ndani mnapita petroli, dizeli na mafuta ya ndege, vyote vimeshasafishwa. Vita viko nje, udongoni, na huko chuma cha kaboni kilichofunikwa vizuri na kulindwa kwa umeme hutosha. Kipimo cha kawaida cha ulinzi huo ni milivolti -850 dhidi ya elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba.

Ila hata chuma cha kaboni hupasuka. Natchitoches, Louisiana, Machi 1965, bomba la gesi lililipuka likaua watu 17, na ufa unaozaliwa na kutu na mvuto kwa pamoja ukatambuliwa kuwa chanzo. Ganda likibanduka, maji hujipenyeza chini yake, na umeme ule ule wa ulinzi huweza kuyafanya yawe mazito kwa kaboneti, mazingira yanayokuza ufa. Pampu nazo hupandisha na kushusha shinikizo kila mara. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kutazama kwanza, si kwenye aina ya chuma.

Na kutazama kwenyewe kuna mtego. Pigi ya sumaku, kifaa cha ukaguzi kinachotumwa ndani ya bomba, hugundua vizuri ukuta ulioliwa na kutu, lakini ufa mwembamba unaofuata urefu wa bomba huenda sambamba na mkondo wa sumaku, nao hupitwa bila kuonekana. Huo huhitaji pigi ya mawimbi ya sauti. Fundi anayepokea ripoti safi ya sumaku, kutoka Kiboko au kwingineko, amejibiwa swali la kutu. La nyufa bado hajaliuliza.