Chumba cha Mashaka: Tahakiki Fupi ya "Ndoto ya Mashaka" kwa Walimu na Watahiniwa

Kila mwalimu aliyepata kufundisha "Ndoto ya Mashaka" amekutana na jibu hili. Swali huwa ni kujadili umaskini katika hadithi, na mtahiniwa huanza kuorodhesha: Mashaka anaishi katika chumba kimoja, mtaa wake ni mchafu, mshahara wake ni mdogo, ana watoto saba, mkewe anamtoroka. Mwalimu huweka vema tano, kisha hufungua karatasi inayofuata na kukuta orodha ile ile kwa mfuatano ule ule, maana wote wawili wamesoma mwongozo mmoja. Jibu hilo halina kosa. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo huiacha hadithi mlangoni. Katika hadithi hii, chumba hakikuwekwa ili kutuonyesha tu kwamba Mashaka ni fukara. Ndicho kinachosukuma karibu kila tukio, ikiwemo ndoto yenyewe.

Hadithi hii ya Ali Abdulla Ali imo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kutolewa mwaka wa 2016. Diwani hii ilitahiniwa katika shule za upili za Kenya kwa miaka kadhaa kabla ya kupokewa na Mapambazuko ya Machweo. Huenda mwalimu mwenzangu akauliza kwa nini tuirudie leo. Nakala zake bado zimejaa katika maktaba zetu, na zaidi ya hayo nina deni la kibinafsi kwa hadithi hii, ambalo nitalieleza hapo mbele.

Kwa ufupi, Mashaka anafiwa na wazazi mapema na kulelewa na Biti Kidebe, mwanamke maskini mwenye maradhi ya miguu. Anapokua anaozwa Waridi kwa ndoa ya kulazimishwa. Babake Waridi, Mzee Rubeya, haoni fahari ya kuwa na mkwe fukara na anahamia Yemen na jamaa yake. Mashaka na Waridi wanaishi katika chumba kimoja huko Tandale, wanapata watoto saba, na Mashaka anafanya kazi ya ulinzi wa usiku katika kampuni iitwayo Zuia Wizi. Kwa sababu chumba hakitoshi, watoto wa kiume hulala jikoni kwa jirani, Chakupewa. Siku moja Mashaka anarudi kutoka kazini na kukuta mke na watoto wamekwenda. Baadaye anaota ndoto ya wanyonge wanaoandamana kudai maisha bora, kisha anazinduka na kujikuta yuko pale pale lindoni.

Mimi hufundisha shule ya kutwa mjini Thika. Anayeujua mji huu anajua kwamba umejengwa juu ya viwanda: nguo, mafuta ya kupikia, uundaji wa magari, na mananasi ya Del Monte pembeni. Watu wanaoviendesha viwanda hivyo hawalali viwandani. Hulala Kiandutu, Makongeni, Kiganjo, au hupanda matatu kuelekea Witeithie, Juja na Ruiru. Tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka wa 2012, ploti zimemea kando yake kama uyoga. Sensa ya 2009 iliwahesabu wakazi 238,858 katika mji wa Ruiru, na ile ya 2019 ikapata 490,120. Kwa hivyo wengi wa wanafunzi wangu wanakijua chumba cha Mashaka kabla hawajafungua kitabu. Wanaijua ile milango inayotazamana, ua wa saruji katikati, mfereji mmoja, choo cha wapangaji wote, na pazia linalogawa chumba ili upande mmoja uitwe sebule. Ajabu ni kwamba wanapojibu swali huandika kana kwamba chumba hicho kiko katika sayari nyingine.

Mmoja wao hakuandika hivyo. Katika jaribio la kati ya muhula niliuliza kuhusu sababu za kuvunjika kwa ndoa ya Mashaka na Waridi. Mwanafunzi huyu, msichana wa kidato cha tatu, aliandika kwamba Waridi hakumtoroka mumewe, alikitoroka chumba. Akaongeza kwamba chumba kile kilimfukuza Mashaka kwanza, ndiyo sababu alifanya kazi ya usiku. Nilimpa sufuri. Mwongozo wangu ulisema "ufukara" na "kutengwa na wazazi wa mke", na jibu lake sikuliona humo. Nilikuja kuelewa alichokisema baada ya muda mrefu, nilipoisoma hadithi tena bila kalamu nyekundu mkononi.

Hebu tulifuate wazo lake. Mashaka ni mlinzi wa usiku, na wahakiki wengi huichukua kazi hiyo kama ishara tu ya ujira duni. Lakini usiku ndio wakati ambapo chumba kimoja hulemewa zaidi, kwa kuwa kila mtu anataka mahali pa kulaza ubavu. Mtu mzima mmoja anapokuwa lindoni, godoro hupata nafasi. Katika mitaa ya viwanda jambo hili si geni. Watu wawili wa shifti tofauti huweza kupokezana kitanda kimoja, huyu akitoka huyu akiingia, na kodi wakagawana. Mwandishi hasemi waziwazi kwamba Mashaka aliichagua kazi ya usiku kwa sababu hiyo, na mtahiniwa asidai kwamba amesema. Hata hivyo mpangilio wa hadithi unaturuhusu kuona jinsi kazi na chumba vinavyotegemeana.

Sasa tuulize swali ambalo miongozo hailiulizi: Mashaka hulala saa ngapi? Anarudi asubuhi katika chumba ambacho ndicho jiko, ndiyo sebule, ndiyo stoo, na watoto wameamka. Hakuna mlango wa pili wa kufunga. Mtu wa namna hiyo halali, husinzia. Ndipo usingizi unapomlipiza kisasi lindoni, na ndoto inaingia. Nimewahi kusoma majibu yanayomshutumu Mashaka kwa kutowajibika, kwamba mlinzi wa kampuni iitwayo Zuia Wizi amelala kazini, na kinaya hicho kipo kweli. Lakini kinaya kikubwa zaidi ni kwamba ndoto ya maisha bora imezaliwa na ukosefu wa mahali pa kulala. Anwani ya hadithi ina maana mbili: ndoto kama tumaini, na ndoto kama usingizi ulioibwa kwa mwajiri. Mtahiniwa akiziona zote mbili amepata hoja ambayo orodha ya mwongozo haitampa.

Tuje kwa Chakupewa. Jina lake ni majazi, na watahiniwa hulitaja haraka na kupita. Ningependa wakae hapo kidogo. Jikoni mwake ndimo wanamolala wavulana wa Mashaka. Maana yake ni kwamba wavulana hao hawawezi kulala kabla chakula cha watu wengine hakijapikwa, na hawawezi kuendelea kulala moto unapowashwa alfajiri. Saa zao za usingizi zinapangwa na njaa ya nyumba nyingine. Huu ni mkopo usioandikwa katika daftari lolote, na mkopo wa namna hiyo hulipwa kwa heshima, kwa kutumwa, kwa kunyamaza unapokosewa. Familia ya Mashaka imetandazwa katika nyumba mbili na haina hata moja. Mwandishi ameyabeba hayo yote kwa jambo dogo sana, na kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele bora zaidi katika hadithi nzima.

Kisha Waridi anaondoka. Ukisoma kwa jicho la chumba, utagundua kejeli chungu: Mashaka anaporudi na kukuta kutupu, ndiyo mara ya kwanza chumba kinamtosha.

Baada ya kuyaona haya nilijaribu zoezi moja darasani, ambalo ninawapendekezea walimu wenzangu. Niliwaambia wanafunzi waugawe mshahara wa Mashaka mafungu kumi, bila kujali ni shilingi ngapi, kisha wamsaidie kupanga matumizi. Wataalamu wa makazi hupenda kusema kwamba kodi isizidi mafungu matatu kati ya kumi. Wanafunzi walicheka. Walianza na kodi, si kwa kuwa ndiyo muhimu zaidi bali kwa kuwa haikopeki. Mwenye duka ana daftari, mama mboga ana huruma, shule huvumilia hadi barua ya tatu, lakini mwenye nyumba ana kufuli. Chakula kilikuja cha pili, kikifuatwa na maji ya mtungi na mafuta ya taa. Walipofika kwa dawa, mafungu yalikuwa yamekwisha. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini Mashaka hanunui unga wa gunia, kwa kuwa ni nafuu kuliko kununua kidogo kidogo. Mwenzake akamjibu: "Ataliweka wapi?" Hapo darasa likanyamaza. Mafuta ya kupimiwa kwa kikombe hugharimu zaidi ukijumlisha kuliko mtungi mzima, lakini mtungi unahitaji pesa za pamoja na kona ya kuuweka. Chumba kidogo humfanya maskini alipe zaidi.

Zoezi hilo pia lilinionyesha upungufu wa hadithi, na mhakiki hana budi kuutaja. Katika sehemu ya utoto, Mashaka ana mikono. Anafanya vibarua ili yeye na Biti Kidebe wapate riziki, na tunaiona akili ya mtu anayepambana. Akishaoa, akili hiyo inafifia, na anabaki mtu wa kutendwa na kulalamika. Zaidi ya yote, Waridi hapewi nafasi ya kuhesabu. Anayekaa katika chumba kile mchana na usiku ni yeye. Anayejua unga umebaki vibaba vingapi na jirani ameanza kununa ni yeye. Hadithi inamfuata Mashaka lindoni na kutuacha tumjue Waridi kwa kutokuwapo kwake tu. Wasomaji wa Thika, ambao wengi wamelelewa na mama mwenye chama cha kuchangiana na madeni matatu anayoyazungusha, watakuwa na haki ya kuuliza hesabu zake ziko wapi. Sidai kwamba mwandishi alikosea kuteua mtazamo wa Mashaka. Nasema tu kwamba mtazamo huo una gharama, na Waridi ndiye anayeilipa.

Mtahiniwa anayeulizwa kulinganisha hadithi mbili atafaidika akiiweka hii kando ya "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed. Wakazi wa Madongoporomoka wanatishiwa kunyang'anywa ardhi, Jitu linakula chakula chote katika mkahawa wa Mzee Mago, na matingatinga yanafuata. Huko suala la makazi lina adui mwenye mwili na tumbo, na wakazi wanaweza kusimama pamoja na kurejea penye vifusi. Mashaka hana adui wa namna hiyo. Anayemla ni mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi hauwezi kurushiwa mawe. Ndiyo maana umoja wa wanyonge, ambao Madongoporomoka wanaupata wakiwa macho, yeye anaupata usingizini. Aliyesoma Kuli ya Shafi Adam Shafi, riwaya inayotumia mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Zanzibar wa 1948, ataona njia ya tatu: wafanyakazi wanaozungumza wao kwa wao hadi malalamiko yakawa mgomo. Mlinzi wa usiku hufanya kazi peke yake. Hana mwenzake wa kuzungumza naye, ila ndoto.

Hapa pana tahadhari. Baadhi ya wanafunzi wangu huandika kwamba waandamanaji katika ndoto wanadai haki ya makazi iliyo katika Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010. Kifungu hicho kipo na kinataja makazi, lakini ni cha Kenya, nayo Tandale iko Dar es Salaam. Muktadha wa hadithi ni wa Tanzania, na Katiba yetu haiwezi kuvushwa mpaka wa Namanga kwa sababu tu mtahiniwa ameikumbuka. Yafaa itajwe pale swali linapotaka kuoanisha hadithi na jamii ya mtahiniwa mwenyewe. Hata ile asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba tunayokatwa katika hati za mishahara, chini ya sheria ya 2024, ni mfano mzuri wa mjadala darasani, na walimu huuchangamkia kuliko wanafunzi.

Yule msichana alimaliza kidato cha nne na sijui kama bado anayo karatasi ile. Kama swali lile lingerudi leo ningempa alama za hoja na za ithibati, kisha ningemwomba aongeze sentensi moja kuhusu jikoni mwa Chakupewa: Waridi alipoondoka na watoto, ni nani aliyekwenda kuwaamsha wavulana kule, na Chakupewa alisema nini? Hadithi haitwambii.